Dramu za hevi metali Nakuru, Kisumu na magharibi mwa Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayepiga au anayetaka kupiga dramu za metali akiwa huku kwetu: Nakuru, Kisumu, Eldoret, Kakamega, Bungoma. Maneno machache kwanza. Tukisema kiki tunamaanisha dramu kubwa inayopigwa kwa mguu, si kiki ya msanii anayetafuta kuzungumziwa mitandaoni. Sneya ni ile yenye nyaya chini. Matoazi ni yaleyale ya Zaburi 150. Kasi tunaihesabu kwa mapigo ya metronomu, kile kifaa au programu inayogonga mwendo, kwa dakika.

Nilijifunzia kanisani. Je, nianze upya?

La hasha. Dramu nyingi za huku ziko makanisani, na mtu aliyepiga ibada yenye urefu wa saa tatu bila kupotea ana kitu ambacho video haifundishi: anajua kumsikiliza mwimbaji na kushika mwendo hata waumini wakipiga makofi ovyo. Upungufu uko mahali patatu. Kwanza ni mguu wa kushoto. Kanisani hukaa juu ya pedali ya haihati, yale matoazi mawili yanayobanana, ibada nzima ukibanabana tu, ilhali kwenye metali unatakiwa ufanye kazi sawa na wa kulia. Pili ni nguvu ya sneya. Umeambiwa upunguze sauti mara nyingi hadi umezoea kudokoa. Metali inataka kila pigo la sneya lilingane na lililotangulia, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Tatu ni kumbukumbu. Pambio hurudiwa mpaka kiongozi atoe ishara. Wimbo wa metali unaweza kuwa na sehemu nane zisizorudi, moja ina mapigo saba, na hakuna atakayekupungia mkono.

Mchungaji atanikubalia nifanyie mazoezi ya metali kwenye dramu za kanisa?

Mwambie ukweli mapema, kabla hajaambiwa na wengine. Omba saa za katikati ya wiki, mchana. Njoo na vijiti vyako, pedali yako na, ukiweza, sneya yako. Bandika vipande vya teepu sakafuni palipo na miguu ya stendi, ili anayepiga Jumapili akute kila kitu mahali pake. Mkubaliane pia nani atalipa toazi likipasuka, kwa sababu siku moja litapasuka.

Kuhusu "muziki wa shetani": yapo makundi yanayoimba kuhusu shetani, yapo yanayoimba vita, siasa na maradhi, na yapo yanayoimba Injili kwa metali tupu. Wewe ndiye utakayechagua utampigia nani.

Sina dramu. Naweza kuanza?

Unaweza, tena vizuri. Kata plaiwudi ya milimita 12, sentimita 30 kwa 30. Juu yake gundisha tyubu kuukuu ya tairi la lori, mikunjo miwili, kwa ile gundi ya mafundi viatu. Chini bandika kipande cha zulia isiteleze. Kijiti kitarudi kama kwenye ngozi ya sneya na chumba cha pili hawatasumbuka.

Kwa miguu, nunua pedali kabla ya dramu. Hili huwashangaza wengi, ila pedali utaitumia kwenye dramu yoyote utakayoazimwa maishani. Tengeneza mahali pa kuipigia: ubao wa chini, na mwingine uliosimama wima juu yake, umeshikiliwa nyuma na vipande viwili vya pembetatu. Kwenye ubao wa wima bandika sponji ya godoro ya sentimita 5, uifunike kwa tyubu. Mbele acha mdomo wa mbao wenye unene kama wa ukingo wa kiki, sentimita moja na nusu hadi mbili, ili kibano cha pedali kipate pa kuuma. Kama ni pedali mbili, ubao wa wima uwe na upana wa sentimita 30 ili nyundo zote mbili, yaani vichwa vinavyogonga, zitue kwenye sponji.

Kugongagonga sakafu kwa visigino si mbadala. Sakafu hairudishi mguu, na kurudi kwa mguu ndiko unakojifunza.

Ninunue dramu za aina gani?

Seti ya vipande vitano ya mitumba, yenye kiki ya inchi 22, inatosha. Aina ya mbao isikusumbue mwanzoni. Kagua hivi: ng'oa ngozi moja, weka dramu juu ya meza tambarare au kioo, washa tochi ya simu ndani yake zima taa. Mwanga ukipenya kati ya ukingo na meza, ukingo umepinda na dramu hiyo haitatuni, yaani haitakubali kulinganishwa sauti. Zungusha kila skrubu ya kukazia, maana iliyokufa nyuzi ni tabu kupata nyingine inayofanana. Angalia kama miguu miwili ya mbele ya kiki inashika.

Pesa iende kwanza kwa pedali, kiti, matoazi na sneya. Matoazi ya shaba njano yanayokuja na seti za bei nafuu hulia kama kifuniko cha sufuria. Tafuta ya shaba iliyochanganywa na bati, ama yenye bati asilimia 8 ama yenye asilimia 20. Hayo ya 20 yana sauti nene zaidi.

Kiti wengi hukidharau, wakakalia kreti ya soda. Magoti yakiwa juu kuliko nyonga, huwezi kukimbiza miguu yote miwili kwa dakika nne. Mapaja yateremke kidogo kuelekea magotini.

Vijiti gani?

5B, yenye unene wa karibu milimita 15, ndiyo ya katikati. 5A ni nyembamba, kama milimita 14 na kitu. 2B inafika 16. Mwenye viganja vidogo asijilazimishe 2B ati kwa sababu metali ni nzito. Viringisha vijiti juu ya kioo cha kaunta kabla ya kulipa: kinachoyumba kimepinda. Kisha kigonge kichwani mwako taratibu kimoja kimoja, viwili vyenye sauti tofauti si pacha.

Kiki mbili au pedali mbili?

Pedali mbili, yaani nyundo mbili kwenye kiki moja. Phil Taylor wa Motörhead alipiga kiki mbili miaka ya 1970 na zilipendeza jukwaani, lakini yeye hakuwa akipanda matatu ya Kondele, Kisumu. Ukiwa na kiki mbili unahitaji ngozi nne, maikrofoni mbili, na kazi ya kuzifanya zilie sawa. Kwenye shoo za huku utakuta seti moja ya kushirikiana, yenye kiki moja.

Pedali yangu ya kushoto inachelewa. Tatizo ni mguu au mashine?

Anza na mashine, kwa sababu ndiyo rahisi kupima. Pedali ya kushoto haigusi kiki. Inazungusha fimbo ndefu, na fimbo hiyo huzungusha nyundo ya pili iliyo kwenye pedali ya kulia. Kila ncha ya fimbo ina jointi. Shika nyundo ya kushoto kwa vidole isisogee, kisha kwa mkono mwingine bonyeza ubao wa pedali ya kushoto. Ukishuka hata milimita tatu kabla ya kuhisi ugumu, huo ndio uchelewaji wako. Mguu unasafiri bure kabla nyundo haijaanza kutembea.

Ulegevu huwa mahali pawili. Wa kwanza ni skrubu ndogo zinazobana fimbo kwenye jointi. Hulegea kwa mtikisiko, na hiyo ndiyo hitilafu ya kawaida kuliko zote. Zifungue moja moja, futa mafuta kwenye nyuzi, pakaza tone la rangi ya kucha, kaza kwa ufunguo wa dramu, acha usiku kucha. Rangi itazishika bila kuzigandisha, ukitaka kufungua zitafunguka. Pale skrubu inapouma fimbo pawe bapa. Kama fimbo ni ya mviringo mtupu na imechubuka, fundi wa tupa atakupigia ubapa mdogo kwa dakika kumi.

Mahali pa pili ni jointi zenyewe. Zikishaliwa ndani hakuna skrubu itakayosaidia. Usimpe fundi wa kulehemu. Moto huharibu vyuma vidogo vya ndani na jointi hubaki ngumu upande mmoja. Nunua fimbo nyingine.

Kisha angalia pembe. Fimbo ikiwa imepanda au kushuka sana, jointi huzunguka kwa mashaka: haraka robo ya mzunguko, polepole robo inayofuata. Ilaze karibu usawa. Linganisha pia springi za pande zote mbili. Mguu wa kushoto unabeba uzito wa fimbo juu ya wa nyundo, kwa hiyo springi yake hukazwa zaidi kidogo kuliko ya kulia. Anayeambiwa "weka sawasawa pande zote" ameambiwa vibaya.

Kisumu ongeza jambo moja: unyevu wa ziwa unakula springi na cheni. Tone la mafuta ya cherehani kila wiki mbili, kisha ufute. Nakuru adui ni vumbi, na vumbi likichanganyika na grisi linakuwa msasa. Huko tumia mafuta mepesi, futa mara nyingi zaidi.

Mashine ni nzima, bado miguu inachechemea. Nifanyeje?

Kuchechemea ndiko kunakotofautisha mpigaji anayesikika mzito na anayesikika kama debe linaloviringika ngazini. Sikio lako mwenyewe halitakuonyesha, kwa sababu ukiwa unapiga unasikia ulichokusudia. Jirekodi kwa simu. Weka metronomu ya masikioni kwenye 120, piga miguu peke yake noti nne kwa kila pigo, kwa dakika moja. Ingiza sauti kwenye Audacity, programu ya bure, na ukuze picha ya mawimbi.

Kwenye 120, kati ya noti na noti pawe na milisekunde 125. Mwenye kuchechemea ataona 140, 110, 140, 110. Noti za mguu wa kushoto zimesogelea za kulia zinazofuata. Mara nyingi wimbi la kushoto ni fupi pia, maana yake mguu huo ni mwepesi mno.

Dawa ni kushuka, si kupanda. Rudi 90. Anza kila zoezi kwa mguu wa kushoto wiki nzima, hata pale unapoona ni upuuzi. Piga kushoto peke yake, noti mbili kwa pigo, dakika tatu. Kisha rudisha wa kulia. Ongeza mapigo mawili tu kwa dakika, na uongeze pale picha ya mawimbi imekubali, si pale moyo umekubali.

Jambo jingine linalowachanganya watu liko kati ya 140 na 170 hivi. Chini ya hapo paja zima hupanda na kushuka. Juu ya hapo paja haliwezi kufuata, kazi huhamia kifundo cha mguu, kisigino kikiwa juu kidogo na mguu umesogea nyuma kwenye ubao wa pedali. Katikati pana eneo bovu ambapo hakuna mtindo unaokaa vizuri. Wengi hufika hapo wakadhani wamefika kikomo. Ruka: fanya mazoezi ya kifundo kwenye 180 kwa vipande vya sekunde 5, na ya paja kwenye 130. Mitindo hiyo miwili itakutana yenyewe baada ya miezi kadhaa.

Blasti biti inapigwaje?

Ni ule mdundo wa kasi mno wa metali. Ile ya msingi: mkono wa kulia kwenye raidi, toazi kubwa la kushika mwendo, pamoja na kiki, mkono wa kushoto kwenye sneya katikati yao, kulia-kushoto-kulia-kushoto bila pengo. Ipo ya pili, ambapo mikono yote miwili na kiki hutua pamoja. Na ipo ya tatu, ambapo miguu yote miwili inakimbia chini ya mikono. Jina lenyewe huhusishwa na Mick Harris wa Napalm Death, Uingereza, miaka ya 1980.

Kinachoharibika kila mara ni sneya. Kasi ikipanda mkono wa kushoto hukakamaa, bega linapanda kuelekea sikioni, pigo linakuwa mguso. Ukumbini fundi wa sauti ataongeza sneya na pamoja nayo ataongeza haihati yote, na kila kitu kitageuka mchanga. Legeza kidole gumba, acha vidole vitatu vya mwisho virudishe kijiti. Piga sekunde 10, pumzika 20, mara kumi. Maumivu ya mkono wa mbele yakianza kuwaka, raundi hiyo imekwisha, usimalizie.

Mazoezi kiasi gani kwa siku?

Dakika 45 kwa siku tano zinashinda saa nne za Jumamosi. Kumi za mikono kwenye padi, kumi na tano za miguu, ishirini za nyimbo. Wimbo wa dakika tano kwenye 180, miguu ikikimbia mwanzo hadi mwisho, ni mapigo 3,600 ya kiki. Usijaribu kuumaliza wiki ya kwanza. Gawa kwa dakika.

Nitunije sneya na kiki?

Sneya: ngozi ya juu yenye mkwaruzo mweupe, ya mkunjo mmoja wa milsi 10 (milsi ni sehemu moja ya elfu ya inchi) kwa anayetaka mlio mkali, au mikunjo miwili ya milsi 7 kwa anayevunja ngozi kila mwezi. Futa ukingo kwa kitambaa. Kaza skrubu zote kwa vidole mpaka zikome. Bonyeza katikati kwa kiganja mpaka gundi ya ukingo ilie kidogo, hilo ni kawaida. Kisha nusu mzunguko kila moja, ukivuka kwenda ile inayotazamana nayo, usizunguke kama saa. Gonga sentimita 4 kutoka kila skrubu, ukiifuata isiyolingana. Ngozi ya chini, ile nyembamba kama karatasi, iwe imekaza zaidi ya ya juu. Kwa blasti kaza sana, kwa sababu ngozi iliyolegea hairudishi kijiti.

Kiki ni kinyume. Kaza mpaka mikunjo ya ngozi iishe, ongeza robo mzunguko, basta. Weka blanketi lililokunjwa ndani, liguse ngozi zote mbili kidogo. Wengi hujaza nguo mpaka kiki inalia kama sanduku la karatasi. Ngozi ya mbele ikatwe tundu la sentimita 12 pembeni, si katikati, ili maikrofoni iingie. Ule mlio wa kukwatuka kama alivyokuwa nao Vinnie Paul wa Pantera hutokana na nyundo ngumu, ya plastiki au mbao, ikigonga kitu kigumu. Kipande cha kadi ya plastiki chenye ukubwa wa sarafu, kimebandikwa kwa teepu imara pale nyundo inapotua, kinatosha. Kibadilishe kikipasuka, kitakata ngozi.

Ngozi za plastiki hazijali unyevu kama ngozi ya mbuzi, lakini zikikaa juani hulegea. Ukishusha vyombo Kisumu saa nane mchana, viingize kivulini na utuni saa ya mwisho kabla ya shoo.

Toazi limepasuka. Linaponyeka?

Ufa wa ukingoni, toboa tundu la milimita 3 pale unapoishia, na utalala kwa muda. Tunasema kwa muda. Ufa unaozunguka karibu na katikati haudhibitiwi.

Chanzo huwa nati ya juu iliyokazwa mno, au stendi isiyo na kipira, chuma kikasaga chuma mpaka tundu likawa na umbo la tundu la ufunguo. Nunua futi moja ya mpira wa petroli wenye tundu la milimita 8 kwenye duka la vipuri, kata vipande vya sentimita 3, vishe kila stendi. Stendi nyembamba zitataka mpira wa 6.

Trei za mayai ukutani zitazuia kelele?

Hapana. Zinapunguza mwangwi ndani ya chumba, jirani hapati afueni yoyote. Kinachozuia sauti ni uzito na pengo la hewa: ukuta wa pili, mlango mzito uliozibwa kingo. Kiki hupita sakafuni, kwa hiyo hata hilo halitoshi kwenye ploti ya ghorofa. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na keateka ataanza kuhesabu kabla. Kwenye ploti tumia padi. Dramu zenyewe zipigie ukumbini, shuleni wakati wa likizo, au shambani kwa mjomba.

Masikio yangu yanalia baada ya mazoezi. Itapita?

Safari hii huenda ikapita. Siku nyingine itabaki, na haina dawa. Kipimo kinachofuatwa na wataalamu wa usalama kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila ongezeko la desibeli 3 hukata muda nusu. Kwenye 100 una dakika 15. Seti ya dramu chumbani hupita hapo bila gita hata moja.

Vifoamu vya masikio vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya usalama wa kiwandani vinafaa, vikiingizwa sawasawa: kivingirishe kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, ingiza, shikilia nusu dakika kifure. Kikionekana chote nje, hakifanyi kazi. Pamba haifai.

Mwili utastahimili miaka mingapi?

Bill Ward, aliyezaliwa Birmingham mwaka 1948 na kuweka msingi wa dramu za metali akiwa na Black Sabbath, alipanda jukwaani nao tena mjini humo Julai 2025. Alikuja na jazi mikononi, na hilo linasikika: hakuwa mtu wa kukakamaa. Upande wa pili yuko Joey Jordison wa Slipknot, aliyepoteza nguvu za mguu kwa ugonjwa wa uti wa mgongo, akajifunza upya kutembea na kupiga, akafariki mwaka 2021. Ugonjwa ule haukuletwa na dramu. Tunamtaja kwa sababu wengi hupuuza mguu unaokufa ganzi wakidhani ni uchovu. Ganzi isiyoisha usiku mmoja ni ya kumwona daktari.

Ya kawaida ni kano za kifundo cha mkono na mgongo wa chini. Pasha misuli joto kwa dakika kumi kabla ya shoo. Kunywa maji mengi kuliko unavyodhani unahitaji, hasa Kisumu.

Isukuti inamsaidia mpiga metali?

Sana, kuliko wanavyokiri wenyewe. Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, kila moja na zamu yake ndani ya mwendo mmoja. Ukichukua sehemu ya ngoma ndogo ukaiweka mkono wa kulia, na ya kubwa ukaiweka kwenye pedali mbili za kiki, una mdundo wa metali ambao mpigaji wa Ulaya atakaa nao wiki. Igor Cavalera wa Sepultura alifanya kitu cha namna hiyo kwa ngoma za kwao Brazil.

Nirekodie wapi?

Studio nyingi za huku zimejengwa kwa mwimbaji mmoja na kompyuta. Uliza kama wana maikrofoni angalau nne na intafesi, kile kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta, yenye matundu manne ya kuingizia kwa wakati mmoja. Mbili juu, moja kiki, moja sneya. Hizo za juu zipimwe kwa kamba, kila moja umbali sawa kutoka katikati ya sneya, la sivyo sneya itasikika nyembamba.

Ukikosa, midundo ya kompyuta si aibu. Kundi la Duma la Nairobi, lililotoa albamu yake mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, lilikuwa watu wawili tu, mwimbaji na mpiga gita.

Kuna riziki hapa?

Ya metali peke yake, hapana. Hata waliofika mbali hupiga kwenye makundi kadhaa. Huku utakula kwa kupiga harusi, rumba na benga Kisumu, nyimbo za kantri Nakuru, kufundisha watoto Jumamosi, na kutengeneza dramu za makanisa. Hiyo ya mwisho haina ushindani: makanisa mengi yana seti zisizowahi kubadilishwa ngozi. Metali itakuwa ya shoo chache kwa mwaka, nyingi Nairobi. Milango ya nje ipo, kundi la Overthrust la Botswana lilipiga kwenye tamasha la Wacken, Ujerumani, mwaka 2016, na Ghanzi wanakotoka si jiji.

Andikianeni mapema, hata kama ni marafiki: nani anamiliki rekodi, mapato yanagawanywaje, nani analipa nauli. Dave Lombardo, mmoja wa waanzilishi wa Slayer, aliachana nao mwaka 2013 baada ya kutofautiana kuhusu malipo. Kwa Kenya vipo vyama vya kukusanya mirabaha: kwa miaka mingi MCSK ilishughulikia watunzi na PRISK wapigaji na waimbaji. Leseni zao hutoka KECOBO, bodi ya hakimiliki, kwa kipindi, kwa hiyo uliza KECOBO nani anayo sasa kabla ya kujiandikisha. Mpiga dramu aliyechangia kutunga aandikwe kama mtunzi pia. Wengi hawaandikwi kwa sababu hawakuuliza siku ile.

Natoka Kisumu kupiga Nairobi kwenye dramu za wenyeji. Nibebe nini?

Ni kama kilomita 350, na Nakuru ni karibu nusu ya hapo, kwa hiyo beba unachoweza kupakata. Sneya, matoazi, pedali mbili, vijiti jozi sita, funguo mbili za dramu. Fungua fimbo ya pedali, ifunge kando kwa kitambaa. Ikibaki imeunganishwa chini ya mizigo, jointi ndizo zitakazobeba gunia la mtu. Matoazi yasimame wima kando ya miguu yako, usikubali makanga ayapandishe juu.

Ongeza teepu imara, vipande vyako vya mpira wa stendi, na kamba ya mita tatu. Zulia la wenyeji likiwa fupi, kiki itakukimbia kila wimbo, na hutakuwa na mkono wa kuivuta. Funga ncha moja kwenye mguu wa kulia wa kiki, ipitishe nyuma ya nguzo ya kiti chako, rudi ufunge mguu wa kushoto, kisha kaa. Uzito wako utaishikilia.